Baada ya 16 si lazima ije 32

Haya jamani, leo tuweke programu kando kidogo tucheze na namba. Maliza mfuatano huu: 1, 2, 4, 8, 16, ...?

Najua umeshasema 32. Mimi nasema 31, na sitanii.

Chora duara. Weka nukta moja ukingoni: kipande ni 1. Weka mbili, uziunge kwa mstari: vipande 2. Nukta tatu, vipande 4. Nne, 8. Tano, 16. Sasa weka sita, lakini usiziachie nafasi sawa, mistari mitatu isije ikakutana mahali pamoja. Unga kila nukta na nyingine zote, kisha hesabu. Ni 31! Rudia ukitaka, cha 32 hukioni.

Siri yenyewe ni rahisi. Unaanza na kipande 1. Kila mstari unaongeza kimoja, na kila mahali mistari miwili inapokatana panaongeza kingine. Nukta sita zina mistari 15 na makutano 15. 1 + 15 + 15 = 31. Nukta saba? 57.

Mafumbo haya hupenda kuwekwa kwenye mitihani ya kuajiri. Kampuni moja hapa Nairobi iliniwekea huu huu. Nikaandika "32 au 31", na mchoro pembeni. Nikawekewa alama ya kosa, na kazi sikupata. Kinachoniudhi hadi leo ni kwamba walikuwa wakitafuta mtu wa kuandika programu, na kazi hiyo inataka mtu mwenye shaka. Programu ikipita majaribio matano, bado hujui la sita litaleta nini. Mteja wako ndiye atakayelijua, tena siku ya mwisho wa mwezi.

Neil Sloane alianza kukusanya mifuatano mwaka 1964, na tangu 1996 mkusanyo wake uko kwenye intaneti kwa jina OEIS. Andika humo 1, 2, 4, 8, 16 uone majibu yanavyomiminika. Yule wa 32 ni A000079, wa 31 ni A000127. Wote wawili wana haki yao.

Nawaachia huu: 4, 5, 4, 3, 4, 4, 4, 4, 4, 4, ...? Inayofuata ni 10. Digrii ya kompyuta haitakusaidia hapa. Muulize mtoto anayejifunza kuandika moja, mbili, tatu.