Kutoka Lemera hadi Oslo: bibi na bwana wa Uvira kwenye vituo vya mwisho vya safari yao

Meli ilifika Oslo, mji mkuu wa Norwe, saa mbili asubuhi. Abiria walikuwa wamesimama mustari kwenye korido, kila mtu na mkoba wake, wakingoja mlango ufunguliwe. Kati yao alikuwemo bwana mmoja mwenyeji wa Uvira, mwenye miaka 67, amevaa koti na kofia. Mke wake alibaki chumbani. Alimwambia hivi: "Papa, shuka wewe. Mimi hapa sishuki."

Bergen alishuka. Stavanger alishuka, na Kristiansand pia, ijapokuwa mvua ilikuwa inanyesha. Safari hii ilikuwa zawadi ya watoto wao wanne, waliochanga pesa mwaka mzima ili wazazi wafurahie miaka 40 ya ndoa. Ilianzia Copenhagen, nchini Denmark wanakoishi, na ingeishia hapo hapo. Vilikuwa vimebaki vituo vitatu tu: Oslo, Göteborg, halafu nyumbani.

Mume alijua kwa nini mkewe anakataa. Dakika chache tu kwa miguu kutoka gatini, kuna jengo la matofali mekundu lenye minara miwili. Ni nyumba ya mji wa Oslo. Ndani yake, kila tarehe 10 Desemba, hutolewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Hapo ndipo Daktari Denis Mukwege alipoipokea mwaka wa 2018, pamoja na Nadia Murad wa Iraki.

Mwaka wa 1996 mama huyu alikuwa muuguzi kwenye hospitali ya Lemera, huko milimani, katika Kivu ya Kusini. Hospitali hiyo ilianzishwa na wamisionari wa Kipentekoste kutoka Uswidi, na daktari wake mkuu wakati huo alikuwa Mukwege mwenyewe. Mwanzoni mwa Oktoba mama aliomba ruhusa ya siku tatu, ashuke Uvira kwenye arusi ya shemeji yake. Arusi ilikuwa Jumamosi. Jumapili asubuhi alitaka kupanda Lemera, kwani alikuwa na zamu ya usiku. Mumewe akakataa. Wazee wa familia walikuwa wanakuja kula, na bibi arusi hakuwa bado na mtu wa kumwongoza jikoni. "Utaenda kesho," alimwambia, na akalishika begi lake.

Usiku wa siku ile, tarehe 6 Oktoba, watu wenye silaha waliivamia hospitali. Waliwaua wagonjwa vitandani mwao, wakaua na wauguzi.

Wiki chache baadaye vita vilifika Uvira. Familia ilivuka ziwa Tanganyika usiku ndani ya mashua iliyojaa kupita kiasi, ikaingia Tanzania, ikaishi miaka mingi kwenye kambi ya Nyarugusu kabla ya kupokelewa Denmark. Katika miaka yote hiyo bibi na bwana walizungumza juu ya vita, juu ya njaa ya kambini, juu ya ndugu waliobaki. Juu ya Jumapili ile hawakusema hata neno moja. Mwaka wa 2018, wakati televisheni ilipoonyesha Mukwege akipokea tuzo, watoto walipiga vigelegele. Mama aliinuka akaenda jikoni kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimekwisha kuoshwa.

Basi asubuhi ile Oslo, mume alitoka kwenye mustari akarudi chumbani. Aliketi kwenye ukingo wa kitanda, kofia mkononi.

"Mama, ile siku ya tuzo uliondoka. Hukusikia alivyoanza."

"Alianzaje?"

"Alianza na Lemera."

Mama alimtazama. "Alisema Lemera?"

"Kabla ya kitu kingine chochote. Mbele ya mfalme na wakubwa wote. Alitaja usiku ule wa tarehe 6, akasema watu zaidi ya 30 waliuawa, wengine vitandani. Mimi nilisikia, nikakosa namna ya kukuambia."

Mama alikaa kimya kwa muda mrefu. Kisha akaomba apewe viatu vyake.

Ndani ya nyumba ile ya mji kuna ukumbi mkubwa sana, wenye michoro ya rangi iliyofunika kuta. Watalii walikuwa wanapiga picha. Bibi na bwana walisimama kando, karibu na ukuta, kama watu waliofika kanisani wakati ibada imekwisha kuanza. Ni hapo mama alipotoa kitu ambacho mumewe hakukijua. Alimwambia kwamba siku aliyoondoka Lemera, mzee mmoja mgonjwa, aliyevunjika mguu, alimwomba amletee sukari ya chai. Naye alimwahidi: Jumapili nitakuwa hapa. Sukari aliinunua Ijumaa kwenye soko la Uvira, kilo moja. Ilikuwa ndani ya lile begi ambalo mume alilishika.

"Mguu wake ulikuwa umefungwa. Hakuweza kukimbia," alisema. Halafu akataja jina la mzee yule, kwa sauti ya kawaida, ndani ya ukumbi ule ule.

Mume alimwuliza: "Ulinichukia?" Mama hakujibu. Walirudi melini, wakala, wakalala.

Kesho yake walikuwa Göteborg, nchini Uswidi. Walipita kwenye soko la samaki ambalo jengo lake linafanana na kanisa, na wenyeji wenyewe huliita kanisa la samaki. Mume alitafuta samaki wadogo kama sambaza au ndagala, hakuwaona. Lakini mama alipopokea mfuko wake kutoka kwa muuzaji alisema: "Tack så mycket." Ni asante sana kwa Kiswidi. Aliyajifunza maneno hayo Lemera, kwa wauguzi Waswidi waliofanya kazi naye, na hakuwa ameyatumia kwa karibu miaka 30. Muuzaji alimjibu kwa haraka, maneno mengi, na mama akacheka kwa sababu hakuelewa hata moja.

Asubuhi ya mwisho walipanda juu ya meli kutazama Copenhagen ikikaribia. Abiria wengine walikuwa wanaitafuta kwa macho ile sanamu maarufu ya nguva, iliyowekwa ufukweni mwaka wa 1913. Wale wasioijua hushangaa kuiona ni ndogo hivyo. Mama hakuwa anaitafuta. Aliweka mkono juu ya mkono wa mumewe.

"Papa, nilikukasirikia. Ulinizuia bila kujua kitu. Kama ungekuwa ulijua, ningekushukuru. Lakini ulinizuia kwa ajili ya wali na wageni, nikapona, na yule mzee akafa. Sikujua nimshukuru nani."

"Ungemshukuru Mungu."

"Yeye nilimshukuru. Leo ninakushukuru na wewe."

Mzee huyo alivua kofia yake, akaivaa tena. Alisema tu kwamba upepo ni mkali.

Jioni ile watoto walikuja na bugali na sombe, wakataka kuona picha. Picha za Bergen zilikuwa nyingi, za Oslo hakuna hata moja. Walipouliza kwa nini, mama alizima televisheni akaanza kuwasimulia juu ya Lemera, tangu mwanzo. Mkubwa wao ana miaka 38. Alikuwa hajawahi kuyasikia.

Waliokufa Lemera waliandikwa kwenye ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka wa 2010, na haki yao bado inangojewa. Lakini kuna mambo ambayo hakuna ripoti itakayoyaandika, kama kilo moja ya sukari iliyobaki ndani ya begi. Hayo yanakaa kwa wazazi, Uvira, Bukavu, Nyarugusu na Ulaya. Mtoto mwenye mzazi aliyenyamaza, amkaribie aketi naye. Huenda anangoja mtu wa kumwuliza.