Saa Inayosoma Maji

Katika mji wa kale wa Köln, Ujerumani, kando ya mto Rhine, umesimama mnara mwembamba wenye uso wa saa. Mgeni akiutazama ili ajue wakati atapotea: saa hiyo inasoma maji. Mshale mfupi ni wa mita, mrefu ni wa desimita. Siku za kawaida husoma mita 3 na kitu. Sifuri yake haiko sakafuni mwa mto, kwa hiyo namba hiyo si kina.

Mwishoni mwa Februari 1784 maji yalifika mita 13.55, kwa sababu barafu iliyouziba mto iliachia ghafla na kuzoa majumba. Hakuna kimo kilichokaribia hapo tena. Januari 1926 yalifika mita 10.69; Desemba 1993, 10.63; Januari 1995, 10.69 tena. Mafuriko mawili ndani ya miezi 14 yaliuchosha mji. Mwaka 1996 baraza lake lilipitisha mpango wa kinga ya mita 11.30, na sehemu nyingine 11.90. Kwingine ni ukuta wa kudumu. Kwingine ni nguzo na mbao za alumini zinazotolewa ghalani maji yakianza kupanda. Mifereji ya maji taka nayo hufungwa, maana mto hujua kuingia kwa mlango wa nyuma. Kwenye mita 8.30 meli husimama. Mafuriko kama ya 1784 yangeruka kinga hiyo, na mji unalijua hilo.

Kwetu Dar es Salaam, kipimo cha mafuriko ni mwili na nyumba: magotini, kiunoni, dirishani. Katika mtaa wa Kigogo, bonde la mto Msimbazi, kuna nyumba ambazo kumbukumbu zake zote za mvua huanzia kwenye kimo cha kitanda. Ni kweli mto huo, unaoshuka kutoka Pugu, ni mfupi; hujaa kwa saa chache, ilhali Rhine hutoa taarifa siku kadhaa kabla. Lakini katika mafuriko ya Desemba 2011 watu zaidi ya 40 walikufa, familia zikahamishiwa eneo la Mabwepande, na miaka michache baadaye bonde lilelile, sehemu ya Jangwani, likapewa karakana ya mabasi ya mwendokasi! Mvua ikikolea barabara ya hapo hufungwa, na abiria wa mabasi hayo wanaotoka Kimara kwenda mjini huishia Magomeni. Sasa Mradi wa Bonde la Msimbazi, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, unahusu kujenga daraja jipya la Jangwani na kuihamisha karakana hiyo.