Cong: Kijiji Chenye Mfereji Usioshika Maji

Watalii wengi wanaozuru Cong, kijiji kidogo magharibi mwa Ireland (wala si Kongo, msomaji mpendwa), huvutwa na sinema. Mwaka 1951 mwelekezi John Ford alipiga hapo filamu ya The Quiet Man, akiwa na waigizaji John Wayne na Maureen O'Hara. Hadi leo wageni hupigana foleni kupigwa picha kando ya sanamu ya Wayne akiwa amembeba bibi huyo mikononi.

Si vibaya, lakini anayerudi kwao na picha hiyo pekee ameukosa uhondo.

Karibu na hapo yamo magofu ya nyumba ya watawa wa Mtakatifu Augustino, ambamo Rory O'Connor, mfalme mkuu wa mwisho wa Ireland, alifariki mwaka 1198. Nyuma yake, juu ya mto, watawa walijenga kibanda cha mawe chenye tundu sakafuni, wakawa wakivulia samaki humo. Husimuliwa kwamba samaki akinaswa, kamba ilivuta kengele huko jikoni. Mpishi hakulowa hata unyayo! Ngome ya Ashford nayo, iliyoanzishwa mwaka 1228, siku hizi ni hoteli, na bei zake si za mfuko wa kila mtu.

Lakini kinachomgusa mgeni zaidi ni mfereji. Cong iko baina ya maziwa mawili, Mask na Corrib. Viazi vilipooza shambani kuanzia mwaka 1845, watu wapatao milioni moja walikufa nchini Ireland kwa njaa na maradhi. Mwaka 1848 ikaanza kazi ya kuchimba mfereji wa kupitisha mashua kati ya maziwa hayo, na wenye njaa wakapata kibarua cha ujira mdogo.

Tatizo ni kwamba ardhi ya hapo ni mawe ya chokaa yaliyojaa nyufa na mapango. Hata maji ya Mask yenyewe hupenya chini kwa chini hadi Cong. Mwaka 1854 mpango wa mashua uliachwa: kuziba nyufa kungegharimu mno, na reli ilikuwa imeanza kuenea nchini.

Kuta zingali zimesimama, mawe yamechongwa na kupangwa kwa ustadi. Msimu wa joto sehemu kubwa ya mfereji huwa kavu, nyasi zimeota pale ambapo mashua zilikusudiwa kupita.