Saada na Mkate wa Wishwa

Ni nadra kumpata mwanafunzi wa Kiswahili nchini Kenya asiyeujua mkasa wa Fumo Liyongo. Wengi wetu tulikutana naye shuleni, tukakutana naye tena katika mihadhara ya fasihi simulizi, na waliobahatika kufika Kipini wameonyeshwa mahali panaposemekana kuwa kaburi lake. Tunamjua kwa kimo chake na kwa upinde wake. Tunamjua pia kwa mwanawe aliyemchoma kitovuni kwa sindano ya shaba, na kwa jinsi alivyokata roho amepiga goti karibu na kisima, silaha mkononi, watu wa mji wakakosa maji kwa kudhani kuwa yu hai. Makala haya lakini hayamhusu sana Liyongo. Yanahusu wimbo mmoja alioutoa akiwa kifungoni, na hasa masikio yaliyotwikwa wimbo huo.

Almuradi kisa ni hiki. Mfalme wa Pate, akimhofia Liyongo, anamtia pingu na kuazimia kumwua. Kila siku mjakazi wa mamake Liyongo, ambaye anaitwa Saada, hupeleka chakula gerezani, na kila siku walinzi hula kilicho kizuri na kumwachia mfungwa kisicho na ladha. Liyongo anamtuma Saada kwa nudhumu: amwambie mama aoke mkate wa wishwa, na katikati yake atie tupa. Mama anafanya hivyo. Walinzi wanafakamia mapochopocho na kuudharau mkate wa pumba, nao unamfikia mwenyewe ukiwa mzima. Liyongo anaomba apigiwe ngoma ya gungu kabla ya kufa, na katika mshindo wa ngoma, matoazi na siwa, anakereza minyororo hadi inakatika. Walinzi wanauawa. Shujaa anatokomea mwituni.

Masimulizi ya mkasa huu kwa nathari yalichapishwa na Edward Steere mwaka 1870 katika mkusanyiko wake wa hadithi kutoka Unguja. Utenzi tunaousoma zaidi, wenye beti zaidi ya 200, ulitungwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Kijumwa hakuwa mshairi tu. Alikuwa pia mwandishi wa hati nzuri na mchongaji mbao stadi. Tarehe hiyo ya 1913 hunifanya nitue kila niisomapo. Hadhi ya utumwa ilikuwa imefutwa kisheria katika himaya hii ya Waingereza mwaka 1907, yaani miaka 6 tu kabla. Kijumwa alipoandika neno mjakazi, basi, hakuwa akitaja kiumbe wa ngano za kale. Katika Lamu yake walikuwamo wanawake wazima waliowahi kuitwa kwa jina hilo, na huenda baadhi yao waliusikia utenzi ukighanwa uani.

Katika semina zetu tumejadili mengi kuhusu wimbo huu. Tumejadili lahaja yake, matumizi ya ujumbe fiche, na suala la ushujaa na usaliti. Kuna jambo moja tu lililokuwa likinikera. Ule unaoitwa ujumbe fiche si fiche hata kidogo! Unataja mkate. Unataja tupa. Unaeleza tupa hiyo itafanya kazi gani. Walinzi walikuwa hapo hapo, na lugha ya wimbo walikuwa wakiielewa. Yawaje wasishtuke? Mwenzangu mmoja alidai kwamba walinzi walikuwa wapumbavu, kama walivyo walinzi katika ngano zote. Mwingine akasema kwamba uzuri wa mahadhi uliwapumbaza. Majibu yote mawili yalinitosha kwa mtihani, ila hayakunitosha moyoni.

Jibu lililonitosha nililipata kwa dada yangu mkubwa, naye hajawahi kuketi katika ukumbi wa mihadhara.

Dada alimaliza darasa la nane mwaka 2006. Elimu ya msingi ilikuwa bila malipo tangu mwaka 2003, lakini shule ya upili ilitaka karo, nasi hatukuwa nayo. Barua ya kuitwa kidato cha kwanza ilikaa ndani ya Biblia ya mama hadi wino ukafifia. Januari iliyofuata dada alipanda basi kwenda Nairobi kulea watoto wa watu. Alikuwa na miaka 14. Mwanzoni pesa zake zilitufikia mkononi mwa jirani aliyesafiri mara kwa mara, noti zikiwa zimekunjwa chini ya kifuniko cha mkebe wa mafuta ya kujipaka. Baadaye M-Pesa ikaja, mkebe ukapumzika. Pesa hizo ndizo zilizonilipia karo ya sekondari kuanzia mwaka 2012. Kazi ya uyaya aliiacha mwaka 2016, na siku hizi anauza chapati na maharagwe karibu na steji ya mji wetu mdogo huko Magharibi.

Likizo iliyopita nilimsimulia kisa cha Liyongo akisukuma chapati, nami nikimchochea moto. Nilipofika penye wimbo nikamweleza kitendawili changu kuhusu walinzi. Hata hakuinua uso.

"Alikuwa anaongea na yaya," akasema. "Nani husikiliza mtu akiongea na yaya?"

Aliniambia kwamba katika nyumba alizofanyia kazi, watu wazima walizungumza mbele yake mambo ambayo wasingeyasema mbele ya paka. Walitaja madeni yao, magonjwa yao, na namba za siri za kadi za benki. Si kwamba walimwamini. Ni kwamba hawakumhesabu. Kwa maoni yake, Liyongo hakuhitaji mafumbo, kwa kuwa fumbo lilikuwa ni huyo msichana mwenyewe.

Sijaona hoja hii katika maandishi yoyote niliyoyapitia kwa ajili ya tasnifu yangu, na naiona kuwa na nguvu kuliko zote. Inatulazimisha kuusoma upya hata mkate wenyewe. Walinzi waliupuuza kwa sababu ulikuwa wa wishwa; walimpuuza aliyeubeba kwa sababu iyo hiyo. (Dada aliongeza kwamba pumba haishikani, ikandwe vipi, na kwamba mkate wenye kipande cha chuma ndani ungepasuka njiani kama mbebaji hakuushika kwa mikono miwili. Mimi sikuwa nimefikiria kabisa habari ya mikono ya Saada.)

Sitaki nieleweke vibaya. Dada yangu hakuwa mjakazi, naye angenikaripia nikimwita hivyo. Alikuwa na mshahara, hata kama ulikuwa haba na wakati mwingine ulichelewa. Alikuwa na Jumapili yake, na aliweza kuondoka, kama alivyoondoka. Kuufananisha utumwa na kila kazi ngumu ni kuupunguzia utumwa uzito wake. Ninachosema ni kwamba yeye alimwona Saada mara moja, pale ambapo mimi na wenzangu, tukiwa na nakala za *Tenzi Tatu za Kale* mezani, tulikuwa tukiona njia tu ya kupitishia tupa.

Kisha akaniuliza swali lingine.

"Walinzi walipokufa, aliyeleta mkate aliulizwa nini?"

Nilimjibu kwamba utenzi hausemi. Akanitazama, unga mikononi. Nyumba moja aliyofanyia kazi ilipotewa na herini. Kabla mtu yeyote hajainua mto wa kiti, begi lake lilikuwa limekwisha kumwagwa sakafuni. Herini ilipatikana siku ya tatu ndani ya kiatu cha mtoto. Hakuna aliyelitaja tena jambo hilo, na nguo alizikunja mwenyewe.

Msimamizi wangu anashikilia kwamba swali la Saada haliwezi kujibiwa kwa kuwa matini hayana jibu, na kwamba mtafiti hana ruhusa ya kuwatungia wahusika maisha. Ninamheshimu, na katika hilo la pili nakubaliana naye. Hata hivyo, kimya cha matini nacho ni sehemu ya matini. Mtunzi aliyetuhesabia sifa za shujaa ubeti baada ya ubeti hakukosa nafasi ya ubeti mmoja. Alikosa haja nao. Kwa nini alikosa haja nao, katika Lamu ya 1913, ni swali la kitaaluma kabisa, nami nimelipa sura nzima katika tasnifu.

Dada ana nadharia yake. Anaamini kwamba mama mtu alimtorosha Saada usiku ule ule wa gungu, kabla ngoma haijanyamaza, kwa sababu mwanamke aliyejua kuficha tupa ndani ya pumba alijua pia nani atakayetafutwa asubuhi. Nilimweleza kwamba mama mwenyewe hakutoroka. Tunamkuta angali mjini mwishoni mwa kisa, watu wakimwendea wamsihi ambembeleze mwanawe aondoke kisimani, na hatuambiwi kwamba aliwahi kuadhibiwa kwa ajili ya mkate.

Dada aligeuza chapati, akaibonyeza pembeni kwa kijiko.

"Basi walimuuliza Saada," akasema.