Barua kwa Zuhura: Jiko Halihamishwi kwa Siku Moja

Muheza, Tanga

Mwanangu Zuhura,

Machungwa yameanza kuiva, na kaka yako Hamisi amepanda mihogo nyuma ya nyumba. Baba yako alipita juzi akanionyesha picha uliyomtumia: kabati la jikoni tupu, unga, mchele, maharage na maziwa ya watoto vyote umewagawia majirani, kwa kuwa nyumba nzima sasa mnakula kwa mtindo wa Paleo. Sikulala vizuri usiku ule, ndiyo maana naandika.

Sikukatazi. Nimefundisha sayansi kimu miaka mingi, na najua chai ya vijiko vitatu vya sukari na maandazi manne kila asubuhi humfikisha mtu wapi. Kitabu cha Loren Cordain, yule Mmarekani aliyeieneza habari hii ya Paleo mwaka 2002, kinasema turudi kwenye chakula cha watu wa kabla ya kilimo: nyama, samaki, mayai, mboga, matunda. Nafaka, jamii ya kunde, maziwa na sukari viachwe. Kuacha sukari na vya kiwandani ni jambo jema. Lakini watu wa kale hawakula chungu kimoja. Wahadzabe wetu wa Ziwa Eyasi, ambao wataalamu huwaendea kujifunza habari hizihizi, hula mizizi, ubuyu na asali, si nyama peke yake. Na katika pango la Ngalue, Msumbiji, zimekutwa zana za mawe zenye mabaki ya mtama wa porini, ya zaidi ya miaka laki moja. Basi usimwambie mama mkwe wako kwamba ugali wa mtama ni sumu.

Sasa nikwambie jambo ambalo hata baba yako hajawahi kulisikia. Mzee wangu alipopimwa akakutwa na sukari, niliogopa, nami nikafanya kama ulivyofanya wewe. Siku moja tu nikaondoa ugali, wali, mkate, hata viazi vitamu. Nikampa samaki na mchicha, na vidonge vyake vya kushusha sukari nikaendelea kumpa vilevile, asubuhi na jioni. Alfajiri ya siku ya tatu nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, fulana imelowa jasho, mikono inatetemeka, ananiita kwa jina la dada yake. Nilikoroga sukari kwenye kikombe cha maji nikamshikia anywe, taratibu, funda kwa funda. Kikombe kilikuwa kinagonga meno yake. Mlio ule ninao masikioni mpaka leo. Kulipokucha tulikwenda kwa daktari, akapunguza dawa, akaniambia: dozi hii ilipimwa kwa mtu anayekula ugali. Kosa lilikuwa langu. Nilibadilisha chakula, nikasahau dawa.

Na mama mkwe wako, mwanangu, ana sukari, na anakaa kwako.

Kwa hiyo mpeleke kwanza kwa daktari wake, na vidonge vyake mkononi, umweleze unachotaka kubadilisha. Mpaka hapo apikiwe alichozoea. Maziwa ya mwanao Salma yarudi. Mtoto wa miaka mitatu hana sababu ya kunyimwa maziwa wala maharage kwa ajili ya kitabu, na kama mkono wako si mrefu wa kununua nyama kila siku, maharage ndiyo yatakayomjenga. Siku ambazo maziwa hayapo, mpikie dagaa waliwe wazima, na mifupa yao.

Wewe na mumeo anzeni na soda, sukari ya chai na maandazi. Hivyo hakuna atakayevililia. Kisha ongezeni kabla ya kupunguza: kisamvu cha nazi, matembele, mlenda, kibua wa kuchoma, mayai. Asubuhi chemsheni magimbi au viazi vitamu badala ya mkate. Hiki ndicho chakula alichokula bibi yako hapahapa Muheza, wala hakikuwa na jina la kigeni. Mboga zikishajaa sahani, tonge la ugali litapungua lenyewe bila ugomvi.

Ila msipike vyungu viwili. Mumeo akila nyama yake pembeni na mama yake ugali wake pembeni, mtakuwa nyumba mbili chini ya bati moja. Wekeni chakula chote katikati, kila mtu achote kinachomfaa.

Hamisi anakuja Dar wiki ijayo, nitampa mihogo na nazi akuletee. Kabla hajafika, nipigie unisomee jina la kila kidonge anachokunywa mama mkwe wako, na siku aliyopangiwa kliniki.

Shangazi yako akupendaye,
Mama Hamisi