Picha za Bibi Harusi Zinalala Wapi?



Huku Tanga, kama huko kwenu visiwani, siku ya kupamba simu hazivuki mlango. Anasimama shangazi mmoja mkali na kikapu chake, na hata uwe nani utaitia simu humo, upewe kikaratasi chenye namba, ndipo uvue baibui uingie. Ndani kuna nywele zilizochanwa, mabega, hina mpaka juu ya kiwiko, na bibi harusi ambaye shemeji zake hawatamwona hivyo maisha yao yote. Kamera inayobaki ndani ni moja tu, nayo ni ya kwetu.

Sisi ni watatu. Mmoja anapamba na kuchora piko, mmoja anapiga picha, mmoja anashika daftari na pesa. Tuko Ngamiani, lakini kazi hutupeleka Pangani, Mkinga na Muheza, na mwezi wa Shaabani hatulali kabisa. Kikapu cha shangazi kinafanya kazi saa nne tu. Baada ya hapo picha mia nne zinatoka na sisi kwenye bajaji, na ulinzi wote aliousimamia pale mlangoni unahamia mikononi mwetu.

Na si picha peke yake. Tuna vipimo vya gauni: kifua, kiuno, nyonga. Tuna fomu tunayomjazisha kila bibi harusi kabla ya piko, maana piko lililochanganywa na dawa ya nywele huunguza ngozi za baadhi ya watu, na kwenye fomu ile mtu huandika ana mzio wa nini, anatumia dawa gani, wengine wanaandika kwamba ni wajawazito. Tuna daftari la nani kalipa na nani kabakisha. Mambo hayo, yakitoka, yanatosha kuvunja undugu wa koo mbili kabla ubwabwa haujapoa.

Mama mmoja wa Pangani, kabla ya kutupa hata senti ya arubuni, alituuliza: "Wanangu, picha za binti yangu zitalala wapi?" Hakuuliza bei wala aina ya kamera. Tukamweleza kwamba tuna kasha. Akacheka, akasema la mama yake lilikuwa na visaduku vya siri ndani, na ufunguo haukutoka kiunoni mwake hata akiwa jikoni. Basi hakuhitaji maelezo marefu.

Kasha letu ni folda kwenye kompyuta. Tunatumia programu iitwayo Cryptomator, ambayo kwenye kompyuta haidai malipo. Kila faili tunaloliweka humo hufumbwa lenyewe, hapo hapo, kabla halijapanda kwenye hifadhi ya mtandaoni. Hatubonyezi kitu cha ziada, na hilo ndilo tunalolipenda, kwa sababu mtu aliyerudi ukumbini saa nane za usiku hana akili ya kukumbuka hatua tano. Kufumba hapa ni kama fumbo lolote la watu wa pwani: wote wanaliona, ila mwenye ufumbuzi ni mmoja. Anayeiba akaunti yetu ya mtandaoni atakuta majina ya mafaili yasiyosomeka na ndani yake vurugu tupu. Bila neno la siri hapati hata ukucha wa mtu.

Wengi hutuambia, "Mbona WhatsApp inafumba tayari?" Ni kweli, tangu mwaka 2016 ujumbe hufumbwa kutoka kwa anayetuma mpaka kwa anayepokea. Lakini ukishafika umefika. Picha inaweza kuingia kwenye galari, galari ikajinakili mtandaoni, na simu hiyo hiyo mtoto wa kaka anaichezea gemu. Nakala ya akiba ya mazungumzo nayo haifumbwi mwisho hadi mwisho mpaka mwenyewe uiwashe kwenye mipangilio. Uwezo huo uliletwa mwaka 2021 na wengi hawajaugusa. Ndiyo maana picha za kupamba hatuzitumi WhatsApp, hata mteja akilalamika kwamba tunamzungusha.

Tunachofanya ni hiki. Picha zilizokamilika tunazitoa kwenye kasha na kuziweka kwenye folda ya Google Drive ya bibi harusi huyo tu, na mlango wake tunaufungua kwa anwani ya barua pepe yake tu. Kuna chaguo la kuruhusu mtu yeyote mwenye linki, na wapiga picha wengi wanalipenda kwa sababu ni jepesi. Sisi tunaliona ni sawa na kuacha ufunguo chini ya jamvi la mlangoni. Linki hupelekwa kwa dada, dada akampelekea wifi, na wifi ana kundi lenye watu mia mbili. Bibi harusi akituambia hana barua pepe, huwa anayo bila kujua, maana simu ya Android haipakui programu kutoka dukani kwake bila akaunti hiyo.

Mama mzazi akitaka kuona, bibi harusi anatupa jina lake, naye tunamwongeza kama mtazamaji asiyeweza kupakua. Suratun Nur, aya ya 27, inatufundisha kuomba idhini na kutoa salamu kabla ya kuingia nyumba isiyo yetu. Folda ya mtu tunaihesabu ni nyumba yake. Hata shangazi apige hodi.

Hapa tuseme ukweli ambao wauzaji wa programu hawausemi kwa sauti: hakuna kufuli linalozuia mtu aliyeruhusiwa kuangalia asiipige picha skrini yake kwa simu nyingine. Kufunga upakuaji kunapunguza wepesi tu. Kwa hiyo orodha ya wanaoruhusiwa ina uzito kuliko kufuli, na orodha hiyo haitungwi na sisi wala na anayelipa. Inatungwa na mwenye uso.

Sisi watatu na wasaidizi wetu, kila mtu ana akaunti yake. Neno moja la siri la ofisi nzima linaonekana la kirafiki mpaka siku mmoja anapoondoka, hapo ndipo utalazimika kubadilisha kila kitu au kubaki na wasiwasi. Binti aliyekuwa akitusaidia kuhariri picha aliolewa, mashallah, akahamia Muscat. Tulimpamba wenyewe. Kabla hajapanda ndege tuliondoa jina lake kwenye folda zote, na tulimwambia uso kwa uso ili asije akaligundua peke yake akadhani tunamshuku. Akasema, "Afadhali. Mume wangu angeniomba nimwonyeshe kazi zangu, ningemjibu nini?"

Mshika daftari haoni fomu za ngozi. Mpiga picha haoni madeni. Mwanzoni ilileta maneno kidogo kati yetu, kwa sababu sisi ni mashoga tangu madrasa. Sasa tunaona inatupumzisha: jambo usilolijua, hakuna atakayekuuliza limetokaje.

Kadi ya kamera ndiyo inayotutia hofu zaidi, maana kamera yetu haifumbi kitu, na aliyeokota kadi ameokota harusi nzima. Tunazihamishia picha kwenye kasha usiku ule ule kisha tunaisafisha kadi. Lakini ziko programu za kurudisha vilivyofutwa, kwa hiyo kadi zetu hatuziazimishi wala hatuziuzi. Ikichakaa tunaivunja kwa nyundo.

Na sheria ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024. Anayekusanya taarifa za watu anatakiwa kujisajili, azitumie kwa kazi aliyozichukulia na azilinde. Taarifa za afya zimo kwenye kundi la nyeti. Wenzetu Kenya, ambako baadhi ya wateja wetu wanatoka kwa kuvukia Horohoro, wana sheria yao tangu 2019. Mwezi wa Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data huko iliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 za Kenya kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa yake. Picha moja tu, na ya mtu aliyekuwa mahali pa watu. Pigeni hesabu ya chumba cha kupambia.

Neno la siri la kasha, likipotea, hakuna ofisi ya kulirudisha. Tumeliandika kwenye karatasi, tukaitia kwenye bahasha iliyofungwa, na inakaa kwa mama wa mmoja wetu ambaye hajui kuwasha kompyuta. Sote watatu tumeandika pia kwamba akitangulia mmoja, wawili waliobaki wazirudishe picha kwa wenyewe kisha wafute. Suratun Nisaa, aya ya 58, inaamrisha amana zirudishwe kwa wanaostahiki, na sisi hatukuona sababu ya kuzitenga amana zilizomo kwenye kompyuta.

Folda ya mteja tunaifunga baada ya siku thelathini, akishathibitisha kwamba amezichukua. Zilizomo kwenye kasha tunazifuta baada ya miezi mitatu, isipokuwa akituomba kwa maandishi tumtunzie. Wapo wanaoomba, na wapo wanaotaka zifutwe siku ile ile. Hatuulizi kwa nini.

Mwaka huu mume wa mteja mmoja alitupigia, kijana mpole tu, akitaka na yeye aongezwe kwenye folda ya kupamba. Akatukumbusha kwamba gharama zote katoa yeye, na kwamba yule ni mke wake wa halali. Yote mawili kweli. Tukamjibu kwa heshima kwamba jina linaongezwa na bibi harusi, basi amwombe yeye. Kimya kidogo kwenye simu, kisha akatuuliza kama tunajua ni wakati gani mzuri wa kumwomba.