Ukitaka mbwa wa familia, usinunue jina

Ikiwa una watoto wa shule na unaishi mjini, yamkini umewahi kuulizwa swali hili zaidi ya mara moja: "Mama, tutaleta mbwa lini?" Wengi wetu hulikwepa. Tunasema nyumba ni ndogo, mwenye nyumba atafoka, karo ya muhula haijalipwa. Lakini mtoto hachoki. Siku moja unajikuta umeketi ukitazama picha za vijibwa vyenye manyoya ya kujikunja, na chini yake bei ambayo ingetosha kumnunua ndama.

Kwangu mimi swali hilo lilikuwa na uzito wa aina yake. Binti yangu, mwenye umri wa miaka tisa, ana pumu. Njia ya kwenda hospitalini usiku wa manane naijua hata nikifumba macho. Kwa hivyo alipokazana kuomba mbwa, mimi na babake hatukuwa tukijadili uchafu wa zulia. Tulikuwa tukijadili pumzi ya mtoto.

Karibu kila tuliyemwuliza alitupa jibu lile lile: "Tafuteni chotara wa pudeli. Hao hawapukutishi manyoya na hawawasumbui wenye pumu." Jibu hilo ni tamu, na ndilo linalowauza mbwa hawa. Je, ni la kweli? Nilitumia miezi kadhaa kulichunguza, na ningependa nikueleze niliyoyapata kabla hujafungua kibeti chako.

MAJINA MENGI, BABA MMOJA

Pudeli ni mbwa wa zamani wa Ulaya. Jina lake latokana na neno la Kijerumani la kurusharusha maji, ingawa Wafaransa walimpenda hata wakamfanya kuwa wao. Alikuwa mbwa wa wawindaji. Bata akipigwa risasi na kuangukia ziwani, pudeli ndiye aliyeogelea kwenda kumleta. Hata ule unyoaji wake unaotuchekesha ulianza kwa sababu ya kazi: manyoya yalipunguzwa ili awe mwepesi majini, yakaachwa kifuani na kwenye viungo ili yamkinge na baridi. Kuna pudeli mkubwa ambaye huzidi kilo 20, na kuna mdogo kabisa ambaye aghalabu hafiki kilo 5. Wote ni werevu kupindukia.

Leo anachanganywa na karibu kila aina ya mbwa. Akizalishwa na koka spanieli, mtoto huitwa kokapu. Na labrado, ni labradudeli. Na goldeni ritriva, ni goldendudeli. Na yule mbwa mweupe mdogo aitwaye maltizi, ni maltipu. Mama mkwe wangu aliposikia majina hayo yakitajwa mezani, aliweka kikombe chake chini akauliza, "Kwani nyinyi mnataka kuleta dudu gani humu ndani?"

Tulicheka, lakini swali lake lilikuwa na maana. Ukishajua mzazi wa pili ni nani, umeshajua nusu ya habari.

Labradudeli na goldendudeli ni mbwa wakubwa. Wengi hufika kilo 25 au zaidi, isipokuwa wale waliotokana na pudeli mdogo. Ni wapole kwa watoto, lakini wazazi wao wote wawili walikuwa mbwa wa kazi, na damu ya kazi haikai kitako. Mbwa wa namna hii asipotembezwa asubuhi na jioni, atajitafutia shughuli mwenyewe, na shughuli hiyo yaweza kuwa viatu vyako vya kanisani. Mwenye kiambo na ua mpana atamfurahia. Sisi tunaoishi orofa ya tatu, tuwe na subira.

Kokapu ni wa kati, kilo 5 hadi 11 hivi. Ni mchangamfu, hupenda watu, na huweza kuishi katika nyumba ya vyumba viwili mradi atembezwe. Taabu yake ni masikio. Yananing'inia kama ya mamake na yana manyoya ndani, kwa hivyo unyevu hukwama humo na kuleta maambukizi usipoyakagua kila juma.

Maltipu ni mdogo sana, kilo 2 hadi 5. Hula kidogo na hakuhitaji uwanja. Lakini mifupa yake ni myembamba, na mtoto wa miaka mitatu aweza kumvunja mguu kwa kumwangusha tu kutoka kwenye kochi. Mwenye watoto wadogo na afikiri mara mbili.

YULE WA KWANZA ALIVYOPATIKANA

Habari iliyonifungua macho kuliko zote ilitoka Australia. Katika miaka ya 1980, mfugaji aitwaye Wally Conron alikuwa akifanya kazi katika shirika la kuwafunza mbwa wanaowaongoza vipofu. Akaletewa ombi kutoka Hawaii: mwanamke asiyeona alihitaji mbwa wa kumwongoza, lakini mumewe hudhurika akikaribia mbwa. Conron alijaribu pudeli kadhaa, akaona hawaifai kazi ile. Mwishowe, mnamo 1989, akamzalisha labrado na pudeli mkubwa. Walizaliwa watoto watatu.

Hebu sikiliza vizuri hapa, msomaji. Conron hakuchukua mtoto yeyote akampeleka. Manyoya na mate ya wale watoto yalitumwa Hawaii ili yajaribiwe kwa yule mume. Kati ya wale watatu, aliyemfaa alikuwa mmoja tu, aliyeitwa Sultan. Mama mmoja, baba mmoja, siku moja ya kuzaliwa, lakini wawili wakashindwa mtihani.

Kwa hiyo, tangu siku ya kwanza ya jina labradudeli, ukweli ulikuwa wazi kwamba jina halitoshi. Watu walilikumbuka jina wakausahau mtihani. Conron mwenyewe, mnamo 2019, aliliambia shirika la utangazaji la Australia kuwa anajutia kilichofuata, kwa jinsi watu walivyokimbilia kuzalisha mbwa ovyo kwa ajili ya pesa.

Wanasayansi nao wamelipima jambo hili. Kinachomdhuru mwenye mzio si unyoya wenyewe. Ni protini zilizomo katika mate ya mbwa, mkojo wake na vipande vidogo vya ngozi yake vinavyobanduka. Kila mbwa ana mate na kila mbwa ana ngozi. Watafiti wa Marekani walipima vumbi katika nyumba zenye mbwa, wakatoa matokeo yao mwaka wa 2011: nyumba zenye mbwa wasifiwao kuwa salama hazikuwa na protini hizo kwa kiwango kidogo kuliko nyumba nyingine. Mwaka uliofuata, watafiti wa Uholanzi waliwapima pudeli na labradudeli pamoja na mbwa wengine. Hawakupata ushahidi wa kuiita aina yoyote salama kwa wenye mzio.

Nilimwuliza daktari anayemtibu binti yangu. Akaniambia maneno ambayo nakupa bila kuongeza: mtoto apimwe kwanza kwa kudungwa kidogo ngozini ili ijulikane kama ana mzio wa mbwa, akiwa nao mkali, asiletewe mbwa wa jina lolote. Akiwa hana au ni mdogo, na akutane na mbwa yule yule atakayeishi naye, si ndugu yake wala binamu yake, tena zaidi ya mara moja.

Binti yangu alipimwa, ikaonekana ana mzio mdogo. Tukaanza kuzuru nyumba za marafiki, dawa yake ya kuvuta ikiwa mfukoni mwangu. Nyumba ya kwanza ilikuwa na maltipu safi mno, aliyeogeshwa siku hiyo hiyo. Hapakuwa na unyoya hata mmoja sakafuni. Baada ya dakika 20 hivi nikasikia ile filimbi kifuani mwa mtoto wangu. Tuliaga, akavuta dawa njiani. Hakulia kwa sababu ya kifua. Alilia kwa kuwa aliamini mlango umefungwa.

Nyumba ya pili ilikuwa na kokapu wa miaka mitatu. Tulikaa saa moja, kifua kikanyamaza. Tukarudi juma lililofuata, na lile lililofuata, na tena la nne. Kikanyamaza. Hii haina maana kwamba kokapu ni bora kuliko maltipu. Kwa mtoto wa jirani yangu huenda ikawa kinyume. Ina maana kwamba mbwa yule, na mtoto huyu, wanaweza kukaa chumba kimoja.

UKIPENDA BOGA, PENDA NA UA LAKE

Sasa tuje kwenye manyoya. Ni kweli kwamba wengi wa machotara hawa hawapukutishi sana, ijapokuwa wale wa kizazi cha kwanza hawatabiriki, na wengine humwaga manyoya kama labrado. Lakini manyoya yasiyoanguka hayapotei. Hujisokota, yakafungamana hadi ngozini na kumuumiza mbwa kila anapopiga hatua. Lazima achanwe karibu kila siku, hadi kwenye ngozi, na anyolewe kila baada ya juma la sita au la nane. Vinyozi wa mbwa wapo Nairobi, ila gharama zao haziko mbali na zile za kusuka nywele za mtu mzima. Zipige hesabu hizo kwa miaka 12 au 15, ambayo ndiyo maisha ya mbwa mdogo aliyetunzwa.

Tena, hapa kwetu kuna kupe. Katika manyoya mafupi kupe huonekana upesi. Katika manyoya ya kujikunja hujificha kama mwizi kwenye mahindi, na homa anayoleta huua. Ndiyo maana wenye machotara hawa hapa nchini huwanyoa wawe wafupi, hata kama picha iliyowavutia ilikuwa ya mbwa mwenye manyoya marefu.

Usidanganywe pia kwamba chotara haugui. Mnamo 2024, watafiti wa chuo cha udaktari wa mifugo cha London walilinganisha kokapu, labradudeli na kavapu, ambaye ni chotara wa pudeli na kavalia, na aina za wazazi wao kwa magonjwa 57. Katika zaidi ya asilimia 86 ya ulinganisho huo hapakuwa na tofauti yoyote. Kwa hivyo mwulize muuzaji kuhusu nyonga na macho ya wazazi, na udai kumwona mama akiwa na watoto wake. Anayetaka mkutane kando ya barabara akiwa na kijibwa ndani ya katoni, mwache na katoni yake. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Wala usiwadharau mbwa koko. Chama cha kutetea wanyama cha KSPCA kina makao yake Nairobi, na mbwa wanaotafuta nyumba hapo ni wengi. Manyoya mafupi, tumbo lisilochagua, akili timamu. Mtoto wako akikutana na mmoja wao, kifua chake kikatulia, umepata mbwa.

Iwe ni chotara wa bei au koko wa bure, chanjo ya kichaa cha mbwa ni lazima, kuanzia umri wa miezi mitatu na kila mwaka. Ulizia leseni katika kaunti yako. Mhasi ikiwa huna nia ya kuzalisha. Na uwaheshimu majirani. Katika jengo letu kuna familia za Kiislamu ambazo mate ya mbwa huwalazimu kujitwaharisha upya kabla ya sala, basi mbwa hufungwa kamba kuanzia mlangoni mwetu hadi nje ya geti.

Naam, nimesema "mlangoni mwetu". Yule kokapu wa miaka mitatu, wenyewe walihamia ng'ambo wakatuachia. Yuko nasi mwezi wa tano sasa. Haingii chumba cha kulala, hilo ni agizo la daktari. Zulia tuliliondoa. Kila jioni, baada ya kazi za shule, binti yangu humchana hadi kwenye ngozi, na babake huyakagua masikio siku ya Jumamosi.

Mama mkwe alipokuja mwezi uliopita alimtazama kwa muda mrefu, kisha akauliza anaitwa dudu gani. Binti yangu akamjibu kwamba haitwi dudu, anaitwa Simba. Basi wewe nawe, msomaji, ukienda kutafuta, mpeleke mtoto wako, nenda zaidi ya mara moja, na usimlipe mtu yeyote senti hadi kifua cha mtoto kiwe kimetoa uamuzi wake.